Disketi Isiyouliza Jina

Jumatatu, 20 Septemba 1999

Mvua ya kwanza ya umuhindo, yaani vuli ya huku, imenyesha leo saa nane mchana, na umeme ukakatika papo hapo. Chef Karenzi, mkuu wetu wa Kituo, amenipa daftari hili lenye jalada gumu niandike kila ninachofanya kwenye mashine. Nitaandika na mengine, maana mashine zenyewe hazijawa na habari nyingi.

Ziko tano. Zimetoka Ubelgiji kama msaada, na waliozitoa waling'oa diski kuu zote kabla ya kufunga maboksi, ili siri zao zisije huku. Kwa hiyo ni mashine tano zisizokumbuka kitu. Ya sita ni kubwa, nzima, iko ofisini kwa Chef, na ndiyo yenye orodha ya watoto tunaowatafutia wazazi. Kazi yangu ni kuziwasha hizo tano kwa disketi, kila moja na yake, kwa Linux, programu ya kuendeshea mashine, niliyoipunguza mwenyewe mpaka ikaenea, kisha kuziunganisha na folda ya watoto kwenye mashine kubwa. Nikifaulu, wachapaji wote watafanya kazi kwa pamoja. Sasa hivi wanapanga foleni mbele ya mashine moja kama watu wa bombani.

Watoto ni mia sita na kitu. Walipotezana na wazazi miaka mitatu iliyopita, watu walipokuwa wakirudi kutoka kambi za wakimbizi za Goma, ng'ambo ya mpaka. Bado wanalelewa kwenye nyumba za watu, wakingoja mtu aje aseme huyu ni wangu.

Alhamisi, 23 Septemba

Disketi inawaka. Kuunganisha ndiko kunakonitoa jasho. Kila asubuhi mchapaji anatakiwa aandike amri ndefu yenye mikwaju, jina lake, kisha neno la siri, na hakuna anayepatia. Kosa si lao. Kibodi ni za Kifaransa, Linux yangu inazisoma kwa mpangilio wa Kiingereza. Mtu anabonyeza A, mashine inapokea Q. Neno la siri lenyewe halionekani kwenye kioo, kwa hiyo mtu hajui hata alipokosea.

Laurence, mkuu wa wachapaji, alijaribu mara saba. Ni mjane anayekaa mtaa wa Nengo, umri wa dada yangu mkubwa, ndiye anayewahoji watoto wapya kabla hawajaingizwa.

"Fundi, hii mashine iko nanikatala," alisema. "Mi naandika Laurence, yeye anasoma mutu mwingine."

Wananisemesha Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda changu ni cha kujifunzia Tabora, kwa mama, jikoni. Wakitaka kucheka wananiomba nihesabu mpaka ishirini.

Jumanne, 28 Septemba

Nimefaulu. Najiandikia mwenyewe kwa sababu ofisini sikutaka kuonekana najisifu, ingawa nilijisifu.

Disketi yangu haiulizi mtu chochote. Ikishawaka inasoma amri niliyoiandika ndani yake: nenda kwenye mashine kubwa, fungua folda ya watoto, jina ni Laurence, neno la siri ni hili. Basi. Mchapaji anachomeka, anawasha, anakwenda kumimina chai, akirudi orodha iko mbele yake. Nimetumia jina la Laurence kwa sababu ni yeye pekee mwenye ruhusa ya kuandika kila mahali. Yeye mwenyewe aliniambia, "Weka yangu tu. Ya bengine utatengeneza kiisha."

Nilitaka pia kuweka mpangilio wa kibodi ya Kifaransa. Haukuenea, disketi imejaa. Ungeenea kama ningeondoa picha ya mlima wa moto wa Nyiragongo na ziwa niliyoichora kwa herufi, inayotokea mwanzo na maneno chini yake: Imetengenezwa na Kimenyi. Picha ni nzuri. Nimeiacha.

Ijumaa, 1 Oktoba

Ripoti ya wafadhili. Chef aliniita niijaze sehemu ya mashine. Wanauliza kama kila mchapaji anaingia kwa jina lake, ili ijulikane nani amegusa fomu ya mtoto gani. Nikaandika ndiyo, nikatia saini. Nitayatenganisha majina wiki ijayo, kwa hiyo si uongo hasa. Nikaongeza kwamba fomu za karatasi hazihitajiki tena hapa. Zimepakiwa, zimekwenda Kigali.

Jumatano, 6 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Wachapaji wote watano kazini, mashine zote zinaimba.

Laurence ameleta watoto wapya kumi na tisa, wa nyumba za Rugerero. Amewahoji siku tatu. Anaandika kwanza kwenye daftari la shule lenye karatasi za mraba, kwa kalamu, kisha ndiyo anachapa. Nilimwambia mbele ya watu kwamba anafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Nasrine, mchapaji wetu mdogo kuliko wote, alicheka mpaka akashika meza. Laurence alifunga daftari lake akaliweka kwenye mkoba. "Mutoto anasema mara moja tu," alisema. "Ukimurudilia, anaogopa." Mimi nilikuwa bado nafurahia kicheko.

Ijumaa, 8 Oktoba

Hakuna jipya. Mvua.

Jumanne, 12 Oktoba

Radi. Tulichomoa nyaya zote, tukakaa tunakula mahindi ya kuchoma. Majina sijatenganisha bado.

Jumatatu, 25 Oktoba

Mgeni wa wafadhili amekuja na mwavuli na orodha yake mwenyewe. Alikuwa amezunguka nyumba za walezi akihesabu watoto mmoja mmoja. Alasiri akalinganisha na mashine kubwa. Watoto kumi na tisa wako Rugerero, wanakula, wanacheza, na kwenye mashine, walikoingizwa tarehe sita, hawapo.

Hakupaza sauti. Alimuuliza Chef maana ya mtoto kufutwa kwenye orodha. Hakukuwa na haja ya jibu. Kila mtu wa kazi hii anajua kuna watu wanaotafuta watoto wasio na mwenyewe, wa kuchungia mifugo na kubebea mizigo. Mtoto asiye kwenye orodha anaweza kutolewa bila mtu kuulizwa.

Jumanne, 26 Oktoba

Niandike kama ilivyokuwa.

Chef aliniita asubuhi, akafunga mlango. Mashine kubwa ilikuwa wazi. Huwa inaandika yenyewe nani amehifadhi faili gani na saa ngapi. Alishuka na kidole kwenye kioo. Laurence. Laurence. Laurence. Ukurasa mzima, na unaofuata.

"Hakuna jina jingine," alisema. Chef amekulia Uganda, Kiswahili chake ni kikavu, hakina mapambo. "Mimi sijui hivi vitu. Wewe unavijua. Nijibu kwa kifupi. Mashine inaweza kudanganya?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilipaona, wazi kabisa, kama mtu anavyouona mlango. Ningesema: Chef, sote tunaingia kwa jina lake, ni mimi niliyefanya hivyo, na ile ripoti niliyoitia saini si kweli. Ingechukua muda mfupi kuliko ninavyoiandika. Nikafikiria saini yangu. Nikafikiria kwamba hata hivyo sijui nani amefuta, huenda kweli ni Laurence. Nilijiambia hivyo, mimi niliyemwona akiwahoji watoto hao siku tatu.

"Mashine haidanganyi, Chef," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Alinishukuru, na mimi nikasema asante.

Jumatano, 27 Oktoba

Laurence ametolewa. Si kufukuzwa, amesimamishwa mpaka Kigali waamue. Alikabidhi funguo mbele yetu sote. Hakulia. Anaamini majina ya wengine nilishayatenganisha, kwa hiyo aliuliza swali moja tu, na aliliuliza kwangu.

"Fundi, we unajua mashine. Iko vile banasema?"

Nilisema bado naangalia. Nilikuwa nimeinama chini ya meza, nashika waya usiokuwa na tatizo lolote. Alichukua mwavuli wake na mkoba wake. Amri ya Chef ni kwamba wale kumi na tisa wasiguswe wala kuingizwa upya, mpaka jibu la Kigali lifike. Kigali wanasema Januari.

Ijumaa, 29 Oktoba

Nimewekwa kwenye meza ya Laurence kupokea wanaokuja kuuliza. Ameacha kikombe.

Jumanne, 2 Novemba

Watu wanne. Wa mwisho mama mmoja wa Cyanzarwe, alileta gauni la mtoto. Nimetafuta, hayupo. Sekunde mbili.

Alhamisi, 4 Novemba

Nimejua.

Mchana, wengine wakila, niliwasha mashine mbili bega kwa bega. Faili la orodha ya watoto likifunguliwa, mashine kubwa huweka alama: limefunguliwa na fulani. Mwingine akija kulifungua anazuiwa, angoje. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini kwa disketi zangu, anayefungua wa kwanza ni Laurence, na anayekuja wa pili naye ni Laurence. Mashine inaona ni mtu mmoja karudi kwenye kazi yake. Inampisha. Wote wawili wanaandika, na atakayehifadhi mwisho anafunika kazi ya mwenzake, bila onyo, bila alama.

Tarehe sita Oktoba Laurence aliingiza watoto wake kumi na tisa. Nasrine alikuwa na faili lile lile wazi tangu asubuhi, likiwa bado la zamani, anasahihisha majina ya mitaa. Alihifadhi saa kumi na nusu, akaenda zake nyumbani. Hakuna aliyefuta mtu. Niliwafuta mimi tarehe ishirini na nane Septemba, nikashangilia.

Nilizima mashine zote mbili kabla wengine hawajarudi.

Ijumaa, 5 Novemba

Nimezirekebisha zote tano saa ya chakula. Kila disketi sasa ina jina la mchapaji wake ndani. Hakuna aliyeona tofauti, picha ya Nyiragongo inatokea vile vile. Hatari imekwisha. Nitamwambia Chef Jumatatu.

Jumatatu, 8 Novemba

Chef hakuwepo.

Jumanne, 9 Novemba

Alikuwepo.

Ijumaa, 12 Novemba

Kikao cha wiki. Chef alikuwa mchangamfu kwa mara ya kwanza. Alisema tangu Laurence aondoke hakuna mstari hata mmoja uliopotea, ameiandikia Kigali hivyo, na huo ni ushahidi wa kutosha. "Fundi atathibitisha," alisema.

Kwa hiyo nimemfukuza mara mbili. Mara ya kwanza kwa kosa, mara ya pili kwa kulisahihisha kimyakimya. Nilithibitisha. Nilisema, "Ndiyo, hakuna kilichopotea," na kila neno lilikuwa kweli, na nilijichukia mpaka chai ikanishinda kunywa.

Jumatano, 17 Novemba

Nilimwona Laurence barabarani, Nengo, anabeba sukuma wiki. Nilivuka upande wa pili. Aliniona nikivuka.

Jumatatu, 22 Novemba

Faradji, dereva wetu, amerudi kutoka Cyanzarwe na matope mpaka mlangoni mwa gari. Alikuwa amekwenda kuona familia moja, akakuta njia imejaa watu.

"Balikuwa namaliza kilio," alituambia akinawa mikono. "Ya mutoto mwanamuke. Hakuna kaburi, hakuna kitu. Mama yake anaitwa Mukankusi, anauzisha viazi kule Goma. Miaka tatu iko natembea na ile gauni ya mutoto, kila bureau, kila kambi. Anasema huku ndiko ilikuwa mwisho. Bon, banamwambia mashine imeangalia, mutoto haiko. Donc akarudi, akaita majirani, bakakunywa pombe ya mtama, bakamaliza. Na ile gauni akaitoa, akapatia mutoto ya jirani."

Nasrine alisema maskini. Mimi nilitoka nje nikasimama mvuani nyuma ya jiko.

Nililikumbuka gauni. Njano, na ndege wadogo wa bluu, limekunjwa mara nne kwenye mfuko wa plastiki. Alilikunjua akalitandaza juu ya kibodi yangu, nami nikalisogeza ili nipate kuchapa. Mama huyo alitafuta maneno ya Kiswahili kwa ajili yangu, mimi Mnyarwanda mwenzake. Jina la mtoto ni Tuyishime. Mashine ilinipa kina Tuyishime kumi na mmoja, hakuna wa Cyanzarwe. Nikamwambia hayupo. Nilijua siku hiyo kwamba kuna watoto kumi na tisa ambao mashine haiwajui. Nilijua kuliko mtu yeyote. Hawakunijia akilini, kwa sababu utafutaji ulikuwa umechukua sekunde mbili na nilikuwa naona fahari. Nikaandika humu mstari mmoja.

Jumanne, 23 Novemba

Nimekwenda kwa Laurence.

Alinifungulia bila kusema karibu wala usikaribie. Nilimuuliza kama miongoni mwa watoto wake wa Rugerero yuko Tuyishime. Alilitoa lile daftari la shule chini ya mto wa kiti, akafungua bila kupekua.

"Wa kumi na ine," alisema. "Tuyishime, miaka saba ao munane. Muguu wa kushoto, alama ya kuungua, alikanyaga makala. Jina ya mama yake hajue, anasema tu Mama Jado. Jado ni kaka yake. Mama alimushonea gauni ya njano, iko na bandege. Alilia juu ya ile gauni kuliko vile alilia juu ya mama." Akaniangalia. "Juu ya nini unauliza?"

Nikamweleza habari ya Cyanzarwe. Nilimweleza yote isipokuwa yangu. Alilifunga daftari akanipa.

"Pelekea Chef. Mi banakatala nifike kule. We unaweza."

Alinipa daftari lake. Nilitembea nalo chini ya shati mpaka nyumbani lisilowe.

Jumatano, 24 Novemba

Chef alilisoma amesimama. Aliposoma habari ya gauni alikaa. Kisha akaligeuza, akaona jina juu ya jalada.

"Hili ni la Laurence."

"Ndiyo, Chef."

"Mtu ninayemshuku kwamba anafuta watoto ili awatoe, ananitumia daftari lake, la mwandiko wake, linalosema huyu mtoto apewe huyu mama. Na gauni ambalo lingethibitisha, mama hana tena." Alilifunga. "Ningekuwa mjinga. Huenda mama ni mama kweli. Lakini kwa hili daftari siwezi. Atangoja jibu la Kigali, Januari."

Niliuliza kama hakuna njia nyingine. Alisema labda mtu amwonyeshe kwamba Laurence hakufuta. "Wewe ndiye ulisema mashine haidanganyi."

Alhamisi, 25 Novemba

Sikusema. Mvua haijakatika tangu jana.

Ijumaa, 26 Novemba

Nimesema.

Nilitaka kusema faraghani na nikaona kwamba faraghani nitapunguza. Nikangoja kikao, wote wapo, Nasrine na wenzake, Faradji mlangoni. Nilileta disketi mbili za zamani nilizokuwa nimezihifadhi, sijui kwa nini, labda kwa ajili ya leo. Nikaziwasha mashine mbili. Nikamwomba Nasrine afungue faili la majaribio, nami nikafungua lile lile. Nikaandika jina langu. Nasrine akaandika lake. Nikahifadhi, akahifadhi. Nikamwomba Chef alifungue kwenye mashine kubwa.

Jina langu halikuwemo.

"Nani amelifuta?" nikamuuliza Chef. Akasoma kwenye kioo: Laurence. Laurence, aliyekuwa nyumbani kwake Nengo. Kisha nikasema mengine yote, ripoti, saini, tarehe nne Novemba nilipojua, tarehe tano niliporekebisha, na yule mama niliyemwambia hayupo. Nasrine alikuwa analia kwa sababu alidhani kosa ni lake, ikabidi nirudie mara mbili kwamba si lake.

Chef alilisoma tena lile jina kwenye kioo. Hakunitukana, ningependa anitukane.

"Wiki tatu," alisema. "Ulijua wiki tatu, ukaniacha niandike Kigali."

Ameamua kazi yangu iishe mwisho wa Desemba. Barua ya kwenda Kigali nimeiandika mimi, kwa saini yangu. Chef alitaka kwenda kwa Laurence yeye mwenyewe. Nilimwomba niende naye, akasema la, niende peke yangu, nitangulie.

Laurence alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Ile siku ulikuwa chini ya meza," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Ulikuwa unatengeneza nini?"

"Hakuna kitu."

Alichambua mengine machache. Majirani walipunguza kumsalimia mwezi huu wote, aliniambia. Mkwe wake wa Goma alimtumia mtu kuuliza kama ni kweli anauza watoto. Nikasema naomba radhi. Akasema, "Pole yako, mi sina kazi nayo. Mi nataka ile disketi iniulize jina. Kila asubui. Iniulize, nijibu mi mwenyewe."

Jumatatu, 29 Novemba

Laurence amerudi. Kikombe chake nilikuwa nimekiosha. Alikiosha tena.

Ijumaa, 3 Desemba

Disketi mpya. Nimeondoa picha ya Nyiragongo, nimeondoa na maneno ya chini yake, na mpangilio wa kibodi ya Kifaransa umeenea na nafasi ikabaki. Kazi ya saa moja. Tangu Septemba ilikuwa kazi ya saa moja.

Sasa inawaka kioo cheusi, inauliza jina, inauliza neno la siri, kisha inakwenda yenyewe kufungua folda. Amri ndefu haandiki mtu, ila nani ni nani lazima aseme mwenyewe. Laurence alikuwa wa kwanza. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, A ikawa A. Ikakubali. Akaanza kuingiza wale watoto kumi na tisa kutoka kwenye daftari lake.

Ijumaa, 10 Desemba

Mukankusi ameletwa na Faradji, ambaye amefunga Ramadhani tangu jana na hataki kusemeshwa mambo ya chakula. Mtoto aliletwa na mlezi wake kutoka Rugerero. Laurence ndiye aliyeuliza maswali, kwa Kinyarwanda, kila mtu chumba chake. Makaa. Mguu. Jado. Gauni, ndege wa rangi gani. Majibu yalikuwa yale yale.

Walipokutanishwa mtoto hakukimbia. Alimtazama, akatazama mikono yake mitupu, akauliza gauni liko wapi. Mama alikaa chini sakafuni.

Mimi nilikuwa koridoni. Baadaye mama alitoka, akanitambua. Nilisimama.

"We ndiye uliangalia katika mashine."

"Ndiyo, mama. Alikuwepo. Sikumtafuta vizuri. Nilikuwa nimeitengeneza mashine vibaya, ikampoteza, na nilikuwa najua kuna watoto wamepotea humo, na bado nikakwambia hayupo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kofi. Yeye alikuwa anafikiri, uso umekunjamana, kama mtu anayehesabu wageni.

"Tulishamulilia," alisema. "Batu walikuja. Bazee walikuja na mvua. Balikula, balikunywa, banasema mutoto alale muzuri. Sasa nitarudi naye barabarani, nitabaambia nini? Batasema nilibadanganya, ao banasema huyu si yeye, ni mutoto ya kuokota." Alinishika mkono wa shati. "Utakuya siku ya mungu. Utabaambia we mwenyewe."

Nikasema nitakuja Jumapili.

Jumapili, 12 Desemba

Faradji alinifikisha hadi barabara ilipoishia, nikapanda kwa miguu. Mashamba ya viazi pande zote mbili, matope, mvua imekatika asubuhi. Uani kwa Mukankusi kulikuwa na watu kama arobaini, kwenye mabenchi yale yale, nadhani, waliyokalia siku ile ya kilio. Laurence alikuwepo. Sikumwomba aje. Alikuwa amekaa nyuma, mkoba magotini.

Tuyishime alikuwa kando ya mama yake. Jirani amelirudisha gauni. Limekuwa dogo, miaka mitatu imepita, haliingii hata kichwani. Alikuwa amelikunja mapajani na hakutaka mtu alishike.

Mukankusi alinyamazisha watu akanionyesha kwa kidole. Hakusema mimi ni nani.

Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, Nasrine amenisahihishia Kinyarwanda. Karatasi ikabaki mfukoni. Wazee walikuwa wananitazama, bila hasira, wakingoja tu kujua mtu huyu ni nani na amewaliza kwa nini. Mtoto mmoja alicheka matamshi yangu hata kabla sijafika mbali, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Nitwa Kimenyi," nilisema kwa Kinyarwanda.

Mzee mmoja wa nyuma hakusikia, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti, kisha nikaendelea.